Misingi ya Kemia ya Sekondari katika Mazingira ya Singida: Ushauri kwa Wanafunzi, Walimu na Wazazi

Kemia ni elimu inayochunguza maada, yaani kitu chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi, na hueleza maada hiyo imeundwa na nini, inabadilikaje, na kwa nini hubadilika kwa kadiri maalumu. Katika shule za sekondari za mkoa wa Singida, kama ilivyo katika shule nyingi za Tanzania, somo hili huonekana gumu kuliko lilivyo, kwa kuwa mwanafunzi hukutanishwa na alama, fomula na milinganyo kabla hajapata nafasi ya kukitazama kitu chenyewe ambacho alama hizo zinakieleza. Matokeo yake ni kwamba hukariri fomula ya maji na ya chumvi bila kujua kinachotokea chumvi inapoyeyuka katika maji, na anapofika kidato cha tatu, ambapo milinganyo na hesabu huongezeka, hukosa pa kushika.

Alex Johnstone, mwanakemia na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, alionyesha katika miaka ya 1980 na 1990 kwamba maarifa ya kemia yana ngazi tatu: ngazi ya vitu vinavyoonekana na kushikika, ngazi ya chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na ngazi ya alama zinazoandikwa daftarini. Mwalimu mzoefu huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kujitambua, ilhali mwanafunzi mgeni huachwa njiani. Ushauri unaojengwa katika makala haya ni kwamba kila dhana ya msingi ifundishwe na kusomwa kwa mpangilio huo: kitu kwanza, chembe zake baadaye, na alama mwisho. Mkoa wa Singida una maziwa ya maji ya chumvi, dhahabu, jasi na alizeti, hivyo vitu vya kuanzia masomo vipo, hata pale ambapo maabara ya shule haina vifaa vya kutosha.

Mchanganyiko, kampaundi na maji ya Singidani

Dhana ya kwanza inayopaswa kusimama imara ni tofauti kati ya elementi, kampaundi na mchanganyiko. Elementi ni maada iliyoundwa na atomu za aina moja tu, na haiwezi kugawanywa kwa njia za kikemia ikawa kitu sahili zaidi; kampaundi ni maada iliyoundwa na elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia kwa uwiano usiobadilika; na mchanganyiko ni vitu viwili au zaidi vilivyokaa pamoja bila kuungana, hivyo uwiano wake waweza kuwa wowote na vitu hivyo vyaweza kutenganishwa kwa njia za kawaida kama kuchuja, kuvukiza au kukeneka, yaani kugeuza kimiminika kuwa mvuke na kuupoza mvuke huo ukusanywe.

Maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyopo katika Manispaa ya Singida, yanatoa mfano unaotosha kwa mada yote. Maji ya mvua hutiririka juu ya miamba na udongo, huyeyusha sehemu ndogo ya madini, kisha hukusanyika katika mabonde yasiyo na mto wa kuyatoa. Jua na upepo huyavukiza, na kilichoyeyushwa hubaki nyuma mwaka baada ya mwaka, ndipo maji yakawa ya chumvi. Mwalimu anashauriwa kuchota lita moja ya maji hayo, kuyachuja kwa karatasi ya kuchujia au kitambaa safi chenye nyuzi zilizobanana, kisha kuyavukiza taratibu mbele ya wanafunzi. Uchujaji huondoa tope, kwa sababu chembe za tope ni kubwa kuliko matundu ya kichujio, lakini hauondoi chumvi, kwa sababu chumvi iliyoyeyuka imetawanyika katika vipande vidogo mno. Mabaki meupe yanayoonekana baada ya uvukizaji yasionjwe, kwa kuwa hayana uhakika wa kuwa chumvi ya mezani pekee.

Ngazi ya chembe huja baada ya hapo. Chumvi ya mezani imeundwa na ayoni, ambazo ni atomu au mafungu ya atomu yenye chaji ya umeme: ayoni za sodiamu zenye chaji chanya na ayoni za kloridi zenye chaji hasi. Chumvi inapoyeyuka, molekuli za maji huzizunguka ayoni hizo na kuzitenga, lakini ayoni zenyewe hazipotei, na ndiyo maana tungamo la maji ya chumvi ni jumla ya tungamo la maji na la chumvi. Mwanafunzi akikwisha kuchora picha hiyo kwa penseli, ndipo aandike NaCl, akiwa anajua kila herufi inasimama badala ya nini. Wakati huohuo mwalimu asahihishe dhana potofu iliyoenea kwamba mapovu ya maji yanayochemka ni hewa, au ni hidrojeni na oksijeni zilizoachana. Mapovu hayo ni maji yaleyale katika hali ya gesi, na molekuli zake hazijavunjika.

Ukolezi, floraidi na kosa la kutegemea kuchemsha

Ukolezi ni kiasi cha kitu kilichoyeyushwa katika ujazo fulani wa kimiminika, na dhana hii ina uzito wa pekee Singida, kwa sababu mkoa huu ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi nyingi, kama ilivyo pia Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga. Floraidi ni ayoni ya elementi ya florini. Florini yenyewe ni gesi yenye sumu kali, lakini floraidi katika maji kwa kiasi kidogo husaidia meno, na kwa kiasi kikubwa huyatia madoa ya kahawia na, kwa unywaji wa miaka mingi, huharibu mifupa. Mfano huu humfundisha mwanafunzi mambo mawili kwa mara moja: kwamba atomu na ayoni yake hazina tabia moja, na kwamba madhara au manufaa ya kitu hutegemea ukolezi wake.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto anayekunywa lita 2 za maji yaliyofika kikomo hicho huingiza mwilini miligramu 3 kwa siku, na hesabu hiyo ndogo humfungulia mwanafunzi maana ya kipimo cha miligramu kwa lita vizuri kuliko ufafanuzi mrefu ubaoni. Familia nyingi huamini kwamba kuchemsha maji huondoa kila ubaya. Kuchemsha huua vijidudu na lazima kuendelee, ila hakuondoi ayoni zilizoyeyuka, kwa kuwa maji huondoka kama mvuke na floraidi ikabaki katika sufuria. Maji yenye miligramu 2 kwa lita yakichemshwa hadi yabaki nusu, ukolezi wake hufika miligramu 4 kwa lita. Mzazi anayeishi karibu na kisima kinachoshukiwa anashauriwa kuomba maji yapimwe na mamlaka ya maji, na inapowezekana kutumia maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi kwa ajili ya kunywa, hasa kwa watoto ambao meno yao bado yanaundwa. Kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho kimefanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, hunasa floraidi, kwa sababu ayoni hizo hushikana na madini ya mifupa, na huo ni mfano wa kutenganisha kwa njia ambayo kitambaa hakiwezi.

Atomu na elementi: dhahabu ya Sekenke

Atomu ni chembe ndogo kabisa ya elementi inayoweza kushiriki katika mabadiliko ya kikemia. Katikati yake pana kiini chenye protoni na nyutroni, na kuzunguka kiini hicho pana elektroni. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua atomu ni ya elementi gani. Kila atomu yenye protoni 79 ni dhahabu, na hakuna kuchoma, kusaga wala kuyeyusha kunakobadilisha idadi hiyo.

Dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, iliyochimbwa tangu enzi za utawala wa Wajerumani, yatosha kuithibitisha kanuni hiyo. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, dhahabu kutoka huko ilitumiwa kufua sarafu za rupia 15 mjini Tabora, na atomu zilizokuwa zimefichika katika miamba ya Iramba ndizo zilezile zilizomo katika sarafu zinazohifadhiwa leo na wakusanyaji. Mwamba umepondwa, dhahabu imeyeyushwa na kumiminwa katika umbo jipya, lakini elementi imebaki ile ile. Mchimbaji mdogo anayesuza mchanga katika karai naye hutumia kanuni ya sekondari bila kuitaja: dhahabu ina uzani wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, na mawe ya kwazi yana takribani gramu 2.65 tu, kwa hiyo mchanga huchukuliwa na maji na dhahabu hubaki chini.

Sehemu hii inadai pia onyo. Baadhi ya wachimbaji hutumia zebaki, metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida, kuishika dhahabu, kisha huichoma zebaki hiyo iondoke. Mwanafunzi aliyeelewa kwamba atomu hazifutiki hawezi kukubali kwamba zebaki imekwisha. Imegeuka mvuke unaovutwa na mapafu, na sehemu yake hutua katika udongo na maji. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliwekwa ili kupunguza matumizi hayo duniani. Wazazi wa maeneo ya machimbo wanashauriwa wasiruhusu zebaki kuchomwa nyumbani au jikoni, na walimu wasiitumie kwa maonyesho darasani.

Mabadiliko ya kikemia na milinganyo yake

Badiliko la kimaumbile hubadilisha sura au hali ya kitu bila kuzaa maada mpya, na badiliko la kikemia, linaloitwa pia mmenyuko, huvunja miungano ya atomu na kuunda miungano mipya, hata kikapatikana kitu chenye tabia nyingine. Alizeti, zao linaloitambulisha Singida katika masoko ya mafuta ya kula, huonyesha aina zote mbili. Mbegu zinapokamuliwa na mafuta yakatengana na mashudu, hilo ni badiliko la kimaumbile, kwa kuwa mafuta yalikuwamo ndani ya mbegu tangu mwanzo. Mafuta yanapoachwa wazi kwenye mwanga hadi yachache, hilo ni badiliko la kikemia, kwa sababu oksijeni ya hewa imemenyuka na molekuli za mafuta na kuzaa vitu vyenye harufu mbaya. Ndiyo sababu mafuta hushauriwa kuwekwa katika chombo kilichofungwa vizuri, kilichojaa, na mbali na jua.

Mlinganyo wa kikemia ni maelezo ya mmenyuko kwa fomula, na unaongozwa na kanuni ya uhifadhi wa tungamo, iliyothibitishwa kwa vipimo na Antoine Lavoisier wa Ufaransa katika karne ya 18, kwamba atomu zinazoingia katika mmenyuko ndizo zinazotoka. Propani, mojawapo ya gesi zinazojazwa katika mitungi ya kupikia, huungua kwa mlinganyo C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O. Mwanafunzi ahesabu: kaboni 3 kila upande, hidrojeni 8 kila upande, oksijeni 10 kila upande. Kosa linalowapotezea wengi alama ni kubadilisha namba ndogo zilizo ndani ya fomula ili hesabu ilingane. Namba hizo zikibadilika, kitu chenyewe kimebadilika, kama vile H₂O ikifanywa H₂O₂ huacha kuwa maji na kuwa dawa ya kupaushia. Kinachoruhusiwa kubadilika ni namba kubwa inayotangulia fomula, kwa kuwa hiyo hutaja idadi ya molekuli.

Uwiano huo una maana hata ndani ya nyumba. Mkaa unaoungua penye hewa ya kutosha hutoa dioksidi ya kaboni, C + O₂ → CO₂, lakini penye hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, 2C + O₂ → 2CO, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoshika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Katika usiku wa baridi wa Juni na Julai, jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa, hata kama moshi wake umekwisha na makaa yamekuwa mekundu.

Moli, jasi ya Itigi na hesabu zisizotisha

Moli ni kipimo cha idadi ya chembe, na moja ni chembe 6.02 × 10²³. Muuza kuku na mayai wa Singida husema trei akimaanisha mayai 30 bila kuyahesabu moja moja. Mkemia naye husema moli akimaanisha idadi hiyo kubwa, kwa sababu chembe ni ndogo mno kuhesabiwa lakini zaweza kupimwa kwa mizani. Tungamo la moli moja ya kitu hupatikana kwa kujumlisha matungamo ya atomu zilizomo katika fomula yake, kisha kuandika jibu kwa gramu.

Jasi, inayochimbwa Itigi na kuuzwa kwa viwanda vya saruji ambavyo huichanganya ili saruji isigande kabla fundi hajaitumia, ina fomula CaSO₄·2H₂O, maana yake kila kipimo cha salfeti ya kalsiamu kimeshikana na molekuli mbili za maji ndani ya fuwele. Tungamo la moli moja ni 40 + 32 + 64 + 36, sawa na gramu 172. Jasi ikipashwa joto la takribani nyuzi 150 za Selsiasi hupoteza robo tatu ya maji hayo, yaani gramu 27 kwa kila gramu 172, na kubaki unga mweupe wa gramu 145 ambao hutumika kufunga mifupa iliyovunjika na kutengeneza dari ambazo mafundi huziita za jipsamu. Unga huo ukichanganywa tena na maji huyarudisha katika fuwele na kuwa mgumu. Kwa hesabu hiyohiyo, kilo moja ya jasi safi hutoa takribani gramu 157 za maji na kubaki gramu 843. Mwanafunzi anashauriwa kuanza kila hesabu ya moli kwa hatua tatu zisizobadilika: kuandika mlinganyo uliosawazishwa, kugeuza gramu kuwa moli, na kutumia uwiano wa moli kabla ya kurudi kwenye gramu.

Jasi huyeyuka kidogo katika maji, na ayoni zake za kalsiamu huyafanya maji kuwa magumu, yaani yasiyotoa povu la sabuni kwa urahisi. Ugumu wa aina hii huitwa wa kudumu, kwa kuwa kuchemsha hakuuondoi; ugumu wa muda, unaotokana na hidrojenikaboneti, huondoka kwa kuchemsha na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika.

Asidi, besi na matumizi ya kiashiria

Asidi ni kitu kinachotoa ayoni za hidrojeni katika maji, na besi ni kitu kinachozipokea au kuzidhoofisha. Besi inayoyeyuka katika maji huitwa alikali. Ukali wa vitu hivyo hupimwa kwa kipimo cha pH, ambapo 7 ni hali ya kati, chini ya 7 ni asidi, na juu ya 7 ni alikali. Shule isiyo na karatasi za litimasi inaweza kuchemsha maua makavu ya rosela, yanayojulikana pia kama choya, na kutumia maji yake kuwa kiashiria, yaani kitu kinachobadili rangi kulingana na pH. Maji hayo hubaki mekundu katika maji ya limau, ambayo ni asidi, na huelekea ukijani katika maji yaliyochujwa kutoka majivu ya kuni, ambayo ni alikali kwa sababu ya kaboneti ya potasiamu. Asidi na alikali zikichanganywa kwa kiasi kinacholingana hutoa chumvi na maji, na kipimo cha kutafuta kiasi hicho kwa bureti na pipeti ndicho kinachohitaji mazoezi mengi kwa mtihani wa vitendo: jicho liwe sawa na uso wa kimiminika, usomaji uwe chini ya mbonyeo wake, na vipimo virudiwe hadi vikaribiane.

Utengenezaji wa sabuni kwa mafuta ya alizeti na kostiki, ambayo ni hidroksidi ya sodiamu, huvutia wanafunzi, lakini ufanywe na mwalimu tu, kwa miwani na glavu, na kostiki imiminwe polepole ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, kwa sababu joto linalozuka hurusha matone yanayounguza macho na ngozi. Tahadhari hiyo ya kutanguliza maji huhusu pia asidi kali.

Namna ya kusoma na kusaidia

Kwa kuwa elimu ya msingi hutolewa kwa Kiswahili na mtihani wa sekondari huandikwa kwa Kiingereza, mwanafunzi anashauriwa kueleza dhana kwa Kiswahili kwanza katika kikundi cha masomo hadi wenzake waielewe, kisha kuiandika kwa lugha ya mtihani. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1990, ni msaada mzuri kwa kazi hiyo. Daftari la kemia ligawanywe katika safu tatu kwa kila mada: kilichoonekana, mchoro wa chembe, na alama au mlinganyo. Safu ya kati ikibaki tupu, mwanafunzi ajue kwamba mada hiyo ameikariri, hajaielewa, na airudie kabla ya kusonga mbele.

Mwalimu mwenye vifaa vichache atenge majaribio machache yanayorudiwa vizuri, badala ya mengi yanayofanywa haraka, na Baraza la Mitihani la Tanzania likipima kwa vitendo, stadi za kuchuja, kuvukiza, kupima na kuandika uchunguzi zitakuwa zimezoeleka. Mzazi asiyesoma kemia naye ana nafasi yake, kwani anaweza kumuuliza mtoto kila wiki aeleze jambo moja la nyumbani, kama vile mafuta kuchacha au ukoko wa birika, kwa mpangilio uleule wa kitu, chembe na alama. Kwa mtahiniwa wa kidato cha nne ambaye muda wake umebaki mchache, busara ni kuanza na mchanganyiko na kampaundi, fomula na usawazishaji wa milinganyo, moli, kisha asidi na chumvi, kwa kuwa mada nyingine nyingi za mtihani, zikiwamo uchambuzi wa ayoni na uchimbaji wa metali, husimama juu ya hizo nne.